Taa Niliyoing'oa Nyumbani kwa Mzee Tluway

Kati ya maneno yote niliyowahi kuyasema kazini, lipo moja ambalo ningelipa chochote nirudishiwe. Ni neno "sawa." Nilimwambia Paskali tukiwa kwenye korido ya nyumba ya baba yake, mimi juu ya ngazi na bisibisi mkononi, yeye chini ameshika kikombe cha kahawa. Aliniambia niing'oe taa iliyokuwa juu ya kidato cha kushukia sebuleni na nisifunge nyingine mahali pake. Nilijua taa ile haifai kuondolewa. Nilijua vizuri kuliko mtu yeyote mle ndani, kwa sababu aliyeifunga ndiye aliyenifundisha kazi. Nikasema sawa, nikaanza na skrubu ya kushoto.

Nawaandikia ninyi mnaoanza ufundi wa umeme hapa Karatu, hasa mnaopenda kuniletea picha kwenye simu na kuniuliza, "Babu, hizi taa zitafaa sebuleni?" Picha haiwezi kujibu swali hilo. Nitawaeleza kwa nini, lakini mnivumilie, maana kila nikianza kuzungumzia habari za taa hujikuta nimerudi kwenye korido ile.

Mzee Tluway alikuwa fundi umeme wa shamba moja la kahawa kule Oldeani. Nilifika kwake nikiwa nimetoka sekondari, kichwa kimenivimba kwa sababu fizikia nilikuwa nimefaulu. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufunga taa moja kwenye chumba cha kuchambulia kahawa, pale akina mama walipokaa kwenye meza ndefu wakitenga punje mbovu. Meza ya mwisho ilikuwa na giza. Nikaona boriti nzuri nyuma ya benchi, tena ina msumari tayari. Nikaning'iniza holda pale, nikatia balbu, nikawasha. Chumba kikang'aa, nikatoka nimejaa sifa.

Mzee akaja kuangalia. Akamwomba mama mmoja anipishe, akaniambia nikae mahali pake nichambue kahawa mpaka kengele ya chakula. Nikakaa. Balbu ilikuwa mgongoni kwangu, na kivuli cha kichwa changu kikaanguka juu ya sinia yote. Nikisogea kushoto, kivuli nacho kinasogea. Nikiinama nione vizuri, ndiyo kwanza naongeza giza. Akina mama wakacheka mpaka wakasimamisha kazi. Mmoja akaniambia kwa upole, "Mwanangu, hizo unazozitupa ndizo nzuri."

Kengele ilipolia Mzee akaniuliza taa ina shida gani.

"Taa haina shida, Mzee. Shida ni kichwa changu."

"Basi hamisha kimojawapo, kijana," akasema, akaenda kula.

Hivyo ndivyo alivyofundisha. Hakuwa mtu wa hotuba. Alinionyesha kwamba mtu akiingia kwenye chumba aangalie kwanza mikono inafanya kazi wapi, kisha miguu inapita wapi. Dari huangaliwa mwisho, kwa sababu dari haina haraka. Na alikuwa na desturi moja ambayo mafundi wengine walimcheka nayo. Alikuwa na waya mrefu wenye holda na balbu mwisho wake, akiuita taa ya kutembea. Kabla hajatoboa tundu lolote kwenye nyumba ya mtu, alisubiri jua lizame, akawaambia wenye nyumba wakae pale wanapokaaga siku zote, mama jikoni, baba kwenye kiti chake, mgonjwa kitandani. Kisha akazunguka na ile balbu mkononi, akiinyanyua na kuishusha kama mtu anayemtafuta mbuzi wake gizani, mpaka wenyewe waseme "hapo." Pale waliposema "hapo" ndipo alipochora alama ya chaki.

Waya wa namna hiyo ninao mpaka leo. Mkitaka kuazima, njooni. Hakuna aliyewahi kuja.

Miaka mingi baadaye, nikiwa fundi wa kujitegemea, nilikwenda Kakesio kumfungia umeme wa jua mama mmoja wa Kimaasai. Ulikuwa mtambo mdogo, na taa ilikuwa moja tu. Nikamuuliza, kwa neno lao la mama, "Yeyo, nikuwekee wapi?" Nikadhani atanionyesha juu ya moto au karibu na kitanda. Akanipitisha vyote hivyo, akaenda kusimama kwenye kile kizizi cha ndama kilichomo ndani ya nyumba, karibu na mlango. Nikamwambia huku wanalala ndama. Akanitazama kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa.

"Mimi najua kitanda yangu," akasema. "Ndama ikiumwa, nitaona na nini?"

Nikaifunga juu ya ndama. Nilipomsimulia Mzee Tluway alicheka mpaka akajifuta machozi, akasema shamba lilikosea, lingemwajiri yule yeyo badala yangu.

Kwa hiyo mnaona, sikuwa mtu asiyefundishwa. Hilo ndilo linalonisumbua. Mtu akikosea kwa kutojua, analala.

Sasa niwaeleze nyumba yenyewe. Mzee aliijenga kwa mikono yake alipostaafu, nje kidogo ya mji, kwenye mteremko upande wa barabara ya Oldeani. Wazee wetu wa Kiiraqw walipenda kuchimba mteremko na kuiegemeza nyumba kwenye mlima, baridi isipenye. Naye alifuata hivyo hivyo, ila kwa tofali na bati. Matokeo yake vyumba vya nyuma vilikuwa juu kidogo kuliko sebule. Ukitoka chumbani kwake unapita korido, na mwisho wa korido, kabla ya sebule, kuna kidato kimoja cha kushuka. Kimoja tu, tena kifupi. Mkumbuke hili mkiwa kazini: ngazi ndefu watu huiheshimu, wakashika ukuta, wakashuka taratibu. Kidato kimoja hakuna anayekiheshimu.

Yeye alikijua kidato chake, akakifungia taa. Ilikuwa taa ya kiwandani, kioo kinene ndani ya wavu wa chuma, aliyopewa kule shambani siku aliyoaga kazi. Ilikuwa mbaya kwa sura. Nzi walikuwa wameiandika madoa miaka mingi. Lakini ilikaa kwenye boriti iliyo juu ya kidato kile hasa, na kila jua likizama iliwashwa, haikuzimwa mpaka asubuhi. Jicho lake la kulia lilikuwa limeshafungwa na mtoto wa jicho, la kushoto nalo lilikuwa linafuata. Siku moja tulipokuwa tunakunywa chai aliniambia jinsi anavyotembea. Kidato chenyewe hakioni tena, akasema. Anachoona ni mwanga wa taa tu, kama jua nyuma ya ukungu. Anaufuata koridoni, na ukifika juu ya kichwa chake anajua sasa mguu unashuka.

Alinieleza hayo mimi mwenyewe, kwa kinywa chake.

Mke wake alikuwa amefariki, naye alikuwa anaishi na mwanawe Paskali, dereva wa watalii, pamoja na mke wa Paskali, Mama Neema. Paskali ni kijana mwema, sitaki mmfikirie vibaya. Kwa sababu nilikuwa mwanafunzi wa baba yake, tangu utotoni aliniita baba mdogo. Alipopata uwezo aliamua kuikarabati nyumba ya wazazi wake badala ya kujijengea yake mahali pengine, na ni wangapi hufanya hivyo? Mzee akapelekwa Mbulu kwa binti yake akakae huko mpaka vumbi litulie. Paskali akaniita kwa ajili ya taa.

Kwanza akanipeleka kwenye loji moja juu kabisa, kwenye ukingo wa kreta, nikaone anachokitaka. Tulifika mchana wenye ukungu mzito, wa kuwasha taa mapema. Tukakaa kwenye viti vya ngozi, tukaletewa kahawa. Niseme ukweli, palipendeza. Mwanga ulikuwa wa njano, laini, unatokea nyuma ya mbao na ndani ya dari. Uso wa kila mtu ulikuwa kama umepakwa samli. Paskali akaniinamia.

"Baba mdogo, umeona balbu hata moja?"

"Sijaona."

"Ndivyo ninavyotaka kwa Baba. Aishi kama wageni wanavyoishi."

Nilikubali kabla kahawa haijapoa. Mpaka wakati ule nilikuwa fundi wa maduka, wa zahanati, wa makanisa, fundi wa tyubulaiti na holda za kuning'inia. Pale kwenye kiti cha ngozi nilijiona nikiitwa na wenye loji. Na kulikuwa na kitu kingine ambacho sikukisema kwa mtu. Nilitaka Mzee arudi kutoka Mbulu, aingie kwenye nyumba yake, aone kwamba yule kijana wa kivuli cha kichwa amempita.

Nililoshindwa kuliona siku ile ni dogo. Tulipoinuka kuondoka, giza la ukungu likiwa limeongezeka, mfanyakazi wa pale alikuwa anamsindikiza mgeni mzee kuelekea chumbani kwake, tochi mkononi, anamulika kila jiwe la njia mbele ya miguu yake. Taa zile za loji zina mtu wa kuzisaidia. Nyumba ya Mzee Tluway haikuwa na mtu wa tochi. Nilimwona yule mfanyakazi kwa macho yangu, nikampita.

Kazi ikaanza. Dari ya zamani ikashushwa, ikaja ya jipsamu, na ndani yake tukazamisha taa ndogo ndogo, zile mnazoziita spotilaiti. Hapa niwape maarifa kidogo, maana si vyote nilivyokosea. Mkinunua taa za siku hizi, someni namba ya rangi kwenye boksi. Namba ikiwa karibu na elfu tatu, mwanga ni wa njano, wa kupumzikia. Ikiwa elfu sita na zaidi, ni mweupe wa kufanyia kazi, nao sebuleni huwafanya watu wafanane na wagonjwa. Jikoni, juu ya mahali pa kukatia mboga, wekeni inayoelekea nyeupe, tena mbele ya mpishi, si mgongoni kwake. Mnajua nilikojifunzia hilo. Na spotilaiti humwaga mwanga wake chini kama maji ya bomba, ikaacha giza kati ya moja na nyingine. Kwa hiyo zipangeni mkijua lile giza linaangukia wapi.

Kwa Paskali, giza liliangukia kwenye kidato.

Sikuligundua kwa bahati mbaya. Nililiona kwenye mchoro wangu mwenyewe. Nikamwambia Paskali tuibakize taa ya wavu. Akacheka.

"Ile taa ya jela? Baba mdogo, sebule yote hii, halafu mtu akigeuka anakutana na gereza?"

Nikamwambia basi tuweke taa ndogo ukutani, chini, usawa wa kifundo cha mguu, imulike kidato peke yake. Hilo lilikuwa wazo zuri, na leo ningelipigania. Akasema rangi imeshapakwa mara ya pili, tutapasua ukuta tena? Na vigae vilikuwa vimeshatandikwa, vya kahawia iliyoiva, vinang'aa, vya rangi moja juu na chini ya kidato. Mama Neema alikuwa amesimama mlangoni na beseni la nguo. Hakuwa na desturi ya kuingilia mazungumzo yetu.

"Na Baba atapita wapi?" akauliza.

"Atazoea," Paskali akamjibu. "Na sisi tupo, tutamshika mkono."

Mama Neema akanitazama mimi. Alikuwa anasubiri fundi aseme. Ndipo nilipopanda ngazi, Paskali akarudia neno lake, nami nikasema lile langu. Taa ya wavu nikaifunga kwenye gunia, nikaitia kwenye mfuko wangu wa vifaa.

Tulizijaribu taa saa tisa alasiri, kwa sababu Paskali alikuwa na safari ya wageni siku iliyofuata na alitaka aone kabla hajaondoka. Dirisha jipya la kioo lilikuwa linaingiza jua sebule nzima. Kila mtu alikiona kidato. Hata mimi nilikiona, nikajiambia mbona si kibaya hivyo. Taa ya kutembea ilikuwa nyumbani kwangu, imening'inia kwenye msumari.

Siku chache baadaye simu yangu ikaita. Alikuwa Mzee, kutoka Mbulu.

"Kijana."

"Naam, Mzee."

Akaniuliza habari za kazi, nikampa. Akaniuliza kama nyaya za zamani nimezitoa zote au nimeziunga kivivu. Nikamwambia nimezitoa zote, na ilikuwa kweli. Kisha akauliza lililomfanya apige.

"Taa yangu ya kidato ipo?"

Mfuko wa vifaa ulikuwa mbele yangu na gunia lilikuwa limechomoza. Ningeweza kusema, Mzee, imeondolewa, nisaidie nimweleze mwanao. Angempigia Paskali dakika ile ile, na taa ingerudi. Lakini ningekuwa nimekiri kwamba niliing'oa.

"Ipo, Mzee," nikasema.

"Haya. Nitaikuta."

Tangu siku hiyo sikulala vizuri. Nilikuwa nimeondoa taa, sasa nilikuwa nimeongeza kitu kibaya zaidi. Mtu asiyeona vizuri akiambiwa hakuna taa, atapapasa ukuta. Akiambiwa ipo, atatembea akiitafuta.

Nyumba ikapangiwa siku ya kubarikiwa. Mzee aliletwa mchana, na kwa kuwa sebule ilikuwa inapangwa viti, alipitishwa mlango wa nyuma, moja kwa moja mpaka chumbani kwake. Koridoni hakupita. Nilikwenda kumsalimu. Alikuwa amekonda kidogo, amevaa koti lake la kanisani, ameketi kitandani. Akanishika mikono yote miwili, akaipapasa viganja.

"Bado inakwaruza," akasema. "Nilidhani hizi taa za kisasa zitakulainisha."

Tukacheka. Nikajiambia sasa, mwambie sasa. Mama Neema akaingia na chai. Nikajiambia akimaliza chai. Hajafika nusu ya kikombe, katekista akafika, watu wakaanza kubisha hodi, nami nikatoka kwenda kumtafuta Paskali.

Nilimkuta mlangoni anapokea wageni. Nikamvuta pembeni, nikamwambia taa ninayo kwenye gari, waya mpya niliouvuta pale bado upo nyuma ya dari, niruhusu niirudishe sasa hivi. Hakukasirika. Aliniwekea mkono begani.

"Baba mdogo, wageni ndio hao wanaingia. Kesho. Kesho asubuhi irudishe, na mimi nitakushikia ngazi."

Nikasema sawa. Hiyo ilikuwa mara ya pili.

Nikafanya nililoweza. Nikamwomba Mama Neema, Mzee akiwa tayari kuja sebuleni, amlete yeye mwenyewe kwa mkono. Akaniambia hilo alishalipanga, hakuhitaji kuambiwa. Kisha nikachukua kiti nikakiweka kando ya kidato, nikakaa. Jua lilikuwa linazama na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye dirisha. Kila aliyetoka koridoni nilimwambia, "Angalia, kuna kidato." Wengine walishukuru, wengine walijikwaa hata baada ya kuambiwa. Shangazi mmoja wa Paskali, aliyepita mara tatu kwenda jikoni na kurudi, aliniuliza kama mimi ni fundi au kondakta. Watu walicheka. Mimi nilikuwa natokwa jasho kwenye baridi ile.

Katekista akazunguka na maji ya baraka chumba kwa chumba. Alimbariki Mzee chumbani kwake, akarudi, akashuka kidato nikimshika kiwiko. Sala ikaisha. Mama Neema akaenda jikoni kugeuza pilau, akanionyesha kwa kidole kwamba akirudi atamleta Mzee. Nikaitikia kwa kichwa.

Paskali akasimama katikati ya sebule, akawasha taa zote.

Sitawadanganya. Palikuwa pazuri kuliko loji. Watu wakaanza kunong'ona. Paskali akasema kazi hii imefanywa na baba yake mdogo, mwanafunzi wa Mzee Tluway, tangu Oldeani, na anaomba asimame hapa katikati watu wamwone.

Nilitazama kidato. Nilitazama korido, ilikuwa tupu. Nikajiambia ni hatua chache tu. Nikainuka, nikaacha kiti.

Wakapiga makofi. Shangazi aliyeniita kondakta alipiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimesimama chini ya taa zangu, nimeipa mgongo korido, na kwa muda ule, hata kama ulikuwa mfupi kiasi gani, nilikisahau kidato. Nilikisahau kabisa. Nilikuwa nafurahi.

Mzee alisikia jina lake na langu yakitajwa pamoja, na makofi. Hakumsubiri mtu. Nilipogeuka alikuwa ameshafika katikati ya korido, anakuja bila fimbo, bila kugusa ukuta, kama mwenye nyumba anavyotembea kwenye nyumba yake. Alikuwa anatabasamu. Uso wake ulikuwa umeinuliwa juu, kuelekea darini, na jicho lake la kushoto lilikuwa linahangaika huku na huku. Nilijua anatafuta nini. Makofi yalikuwa bado yanaendelea. Nikapiga kelele, "Mzee, kidato!" Akageuza kichwa kuifuata sauti yangu, akapiga hatua.

Nyonga ilivunjika. Tulimbeba kwa gari la Paskali mpaka hospitali, mimi nikiwa nimemshika kichwa.

Asubuhi yake niliirudisha taa ya wavu mahali pake, kwenye matundu yale yale. Paskali alinishikia ngazi kama alivyoahidi, analia, na mimi sikumwambia neno la lawama. Hakuwa fundi. Aliniita mimi kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa fundi. Mwenye nyumba ana haki ya kupenda kitu kizuri. Kazi ya kusema hapana ni ya yule anayejua, na asiposema hapana, ujuzi wake haujamsaidia mtu yeyote.

Nilimwona Mzee hospitalini mara moja. Alikuwa amelala kaelekea ukutani. Nikakaa, nikaanza kujieleza, habari za rangi iliyokauka, habari za wageni waliokuwa wanaingia. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Nilikuwa naitafuta taa," akasema. "Wewe uliniambia ipo."

Akavuta blanketi mpaka begani, nami nikainuka nikaondoka.

Alirudi nyumbani kwa kiti cha magurudumu. Mafundi wakaja wakamwaga saruji, wakakigeuza kidato kuwa mteremko laini, kazi ya siku moja, na hakuna kigae cha maana kilichoharibika. Mimi nilikwenda kila Jumapili baada ya misa, kama nilivyokuwa nikienda zamani. Mama Neema alitoka kunipokea uani. "Amelala, baba mdogo," alisema kila mara, akitazama chini. Nilikunywa chai yangu nikisikia redio yake dirishani, na yeye mwenyewe akikohoa, akimwomba mtu amwongezee sauti. Kisha nikaaga.

Kazi za loji zilikuja, kwa kuwa wageni wa siku ile walisimulia habari za taa. Nilizikataa. Nikafanya za maduka na zahanati mpaka magoti yakakataa ngazi.

Kwa hiyo mkiniletea picha kwenye simu, nawauliza maswali yanayowachosha. Nani anaishi humo? Anayetembea polepole kuliko wote ni nani, na anapita wapi? Mmemtembeza humo giza lilipoingia? Mkishindwa kujibu, hamjafika kwenye kuchagua taa. Na mwenye nyumba akiwaambia mng'oe kitu mnachojua hakipaswi kung'olewa, shukeni kwenye ngazi kwanza. Ni vigumu kusema hapana ukiwa na bisibisi mkononi.

Mzee Tluway aliishi miaka mingine kadhaa, mwendo mfupi tu kutoka kwangu. Katika miaka hiyo hakuniita tena kijana, na hakuruhusu mlango wa chumba chake ufunguliwe kwa ajili yangu. Siku ya kumzika nilikaa nyuma, pamoja na watu wasiomjua sana. Nilimpoteza mwalimu wangu akiwa bado hai, na nilichopata badala yake ni makofi ya sebuleni.